Taa ya Jikoni

Ufunguo umo kisandukuni, ulisema ujumbe.
Kisanduku cha chuma kwenye nondo za dirisha:
bonyeza moja, tisa, tatu, nane,
ukishafungua, vuruga namba.
Hakutupokea mtu. Paka mmoja wa chongo,
na mawe ya kichochoro yaliyolambwa na nyayo
hadi yakateleza kama sabuni.

Begi lilikuwa na magurudumu; ngazi hazikujali.
Sabini na mbili. Hanneke alizihesabu kwa kuhema,
kwenye ya hamsini akakaa kitako
akasema bora tungekwenda kwa mama yake, kule kuna lifti.

Ndani, kila kitu cheupe.
Weupe wa juzi juu ya kuta za karne,
taulo mbili zimekunjwa zikawa bata,
picha ya bahari ukutani, ilhali bahari yenyewe
ipo, ukitoa kichwa dirishani na kupinda shingo.
Chini, Šibenik inashuka paa kwa paa,
na visanduku vya funguo, mlango hadi mlango,
vinaning'inia kama popo waliolala mchana.

Mlango wa stoo tu ndio uliosahauliwa na brashi.
Nyuma yake, penseli: vistari, majina,
Frane, Tonka, Frane, Tonka,
wakipandana kama wanaogombea tawi,
hadi Frane akashinda kwa vidole vinne
na penseli ikanyamaza.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hapa siku ya tatu hupewi jembe:
unaombwa nyota, tano kama unazo,
na taka uzitoe mwenyewe, chupa mbali, karatasi mbali.
Siku hiyo ya tatu ilikuwa Ijumaa.
Hanneke anatafuta kisu cha limau,
taa ya jikoni inawaka,
mlango ukagongwa kwa kiwiko.

Mzee, shati limefungwa hadi kooni,
mikononi sufuria ya bluu, mpini umezungushiwa kitambaa.
Hakusalimu. Alipita kama mtu aingiaye kwao,
akanyoosha mkono kutafuta kigae cha kuwekea cha moto
pale ambapo sasa pana mashine ya kahawa.
Mkono ukabaki hewani.
Hapo ndipo akatuona.

Alionyesha dirisha lake, ng'ambo ya kichochoro,
karibu kiasi cha kuazimana kiberiti.
Akaionyesha taa. Akaitaja kwa lugha yake,
mara mbili, kama anayejitetea.
Nikavuta kiti. Ungefanya nini kingine?

Viazi na mboga za majani, kitunguu saumu,
mafuta ya zeituni kupita ruhusa ya daktari yeyote.
Alikula nasi polepole, akiwatazama bata wa taulo
bila kuuliza.
Kisha akachovya kidole katika divai,
akaandika mezani: Tonka. Chini yake
1938, akavuta kistari,
na pale kistari kilipodai mwenzake
akafuta yote kwa kiganja.

Siku tatu nimekuwa nikiubonyeza mwaka huo
huku nimekumbatia mkate, tikiti, haraka zangu,
na kila mara, kama nilivyoagizwa, nikiuvuruga.

Usiku huo tuliosha vyombo gizani.

Asubuhi Hanneke aliisugua sufuria upya.
Mzee hakufungua mlango; labda yuko kanisani, labda haya.
Lakini kati ya madirisha kamba ya nguo ingali na roda yake.
Tukaifunga sufuria kwa mkanda wa begi,
tukavuta, roda ikalia,
ikapita juu ya vichwa vya watu wenye kofia mpya
waliosimama kuipiga picha,
ikagota kwenye kizingiti chake,
ikayumba kidogo, ikasubiri.