Mchanga wa Shimo la Saba

Kitabu kilikuwa chini ya magunia ya mbolea,
hakina jalada, mchwa wamekula utangulizi:
viwanja vya gofu vya Uingereza, kazi ya mkono mmoja,
wa Bwana Penhallow, aliyekufa kabla sijazaliwa.
Mwatsama alikipangusa kwa pindo la shati.
Kiingereza hakujui. Michoro aliitambua papo hapo,
kama mtu anavyotambua mwendo wa jamaa kwa mbali.

Mimi ndimi niliyekuwa karani wa stoo.
Nikamsomea majina, Saltby, Harrowmere, Kinloy ya Juu,
kwa sauti ya mtu asomaye orodha ya madeni.
Akanizima. Akaweka kidole juu ya mistari ya penseli:
"Huyu hakuilazimisha ardhi. Aliiuliza inataka nini.
Tazama. Mwenye misuli anaadhibiwa hapa.
Mwenye subira kaachiwa mlango kule, mwembamba,
lakini mlango."

Kiwanja chetu kiko ukingoni mwa jabali,
feri ya Likoni inapiga honi katikati ya pigo la mtu,
kunguru wanaiba mipira wakidhani ni mayai.
Shimo la mchanga la saba lilikuwa duara tupu,
sinia ya pilau baada ya wageni kuondoka.
Lilimuumiza Mwatsama. Alilizunguka akitema mate.

Akaanza mwaka wa ile mvua kubwa ya El Nino.
Toroli moja kila Jumatatu, kabla jua halijakaza,
kiganja cha udongo huku, kiganja kule.
Kwa Penhallow mchanga unashuka mpaka kuzimu,
huku kwetu udongo ni shuka fupi:
vuta ufunike kichwa, miguu iko nje.
Sululu ikigonga matumbawe inaruka, inacheka.
Basi akakipunguza kimo, akakizidisha kivuli.
"Naye angefanya hivi," akasema,
"angekuwa na matumbawe."

Miaka kumi na mmoja.
Kamati haikujua. Kamati huona nyasi, haioni ardhi.
Wanachama walilalama tu kwamba la saba limekuwa gumu,
wakalaumu upepo, fimbo, chakula cha jana.

Kisha akaja mzee mmoja, mgeni, goti bovu,
kofia ya mkeka ya kununua barabarani.
Mpira wake ukaingia. Akapiga mara moja. Mara ya pili.
Mara ya tatu hakupiga.
Alisimama kama mtu aliyesikia jina lake la utotoni.
Akaugusa mdomo wa shimo, ule mkunjo wa kushoto,
akasema, nami nikatafsiri:
"Nimewahi kuwa humu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Baba alisimama pale."
Akaonyesha mkilifi.
Chini ya mkilifi palikuwa na ndoo, na paka.

"Muulize nani alichora hapa."
Mwatsama alikuwa akiangalia buti zake.
"Mwambie mvua."
Nikamwambia mvua.
Yule mzee akatikisa kichwa, polepole,
hakuamini, wala hakubisha.
Mpira akauacha. Akachukua reki mwenyewe,
jambo ambalo wanachama hawalifanyi,
akafuta nyayo zake, mstari kwa mstari,
akirudi kinyumenyume mpaka akatoka,
kama atokaye chumba cha mtoto aliyelala.

Alipokwenda, Mwatsama alishuka kukagua.
Akachutama muda mrefu. Nilidhani analia.
"Upande wa kulia kauharibu," akasema,
akaichukua reki,
akasita,
akairudisha ilipokuwa.

Mchanga ule ulikaa hivyo hadi Jumatatu.
Asubuhi yake nilimkuta stooni, kitabu wazi mapajani,
kurasa za mwisho, zile ambazo mchwa hawajafika.
"Nisomee hili," akasema. "La kumi na nne.
Nina toroli, na goti langu bado zima."