Ngamia wa Kinu

Mlango mfupi. Ukiingia lazima uiname
kama uliyekuja kuomba radhi.
Ndani, kinu: gogo la mbambakofi
limezama sakafuni hadi kiunoni,
ufa wake wa kale umefungwa mkanda mpya wa chuma.

Famau, anayetutembeza, ameandika maelezo kiganjani.
Huu mchi. Hii boriti ya kuuzungusha.
Pishi ya ufuta, maji ya vuguvugu kidogo tu.
"Na ngamia?" mtoto akauliza.
Kaunti walimleta mmoja siku ya ufunguzi;
akala shada la maua la mgeni rasmi, akarudishwa bara.
"Wa zamani alifungwa macho
kwa vifumbu viwili vya ukili,
asijue kwamba haendi kokote."

Wakacheka. Mimi sikucheka.
Miaka ishirini na sita napima mafuta Langoni,
kopo dogo, kopo kubwa,
duka nyumbani, nyumbani duka,
na mamangu, Mungu amrehemu,
akinisikia nikirudi usiku na funguo zangu, husema:
"Mwana Esha, ngamiya wa kinu weye."
Sikumuuliza maana. Nilidhani naijua.

Anayetaka kusukuma, asukume.
Wanafunzi wanne walichoka kwa mizunguko mitatu.
Nikavua viatu.
Nikakunja mtandio, nikajifunga macho.

Mzunguko wa kwanza, hatua kumi na nne.
Wa pili, kumi na nne.
Wa tano sikuhesabu.
Mti ulilia juu ya mti, mlio wa tumboni.
Hapa upepo wa mlangoni.
Hapa chokaa mbichi ya ukuta.
Hapa mtoto anatafuna njugu.
Upepo wa mlangoni.

Mnyama anayenusa maji ya mwendo wa siku mbili
angekosa kuujua mlango uleule?
Alijua.
Vile vifumbu viliwafumba waliovisuka.

Kisha boriti ikalegea mikononi,
kama ufuta umekubali.
"Yamekuja," Famau akasema, kwa sauti ya chini.
Nikafungua macho: uzi mwembamba
wa rangi ya chai ya rangi
ukishuka bakulini, bila haraka, bila kukatika.
Nikachovya kidole. Nikanyamaza.

Walinipa mashudu kwenye karatasi.
Punda wa jirani aliyamaliza
kabla sijapata tundu la kufuli.
Nikafungua duka.
Mteja wa kwanza alitaka kopo dogo.
Nilimpimia, nikamwongeza.