Kofia ya Nyaya

Kofia ina nyaya thelathini na mbili.
Kazi yangu ni kuivalisha vichwa,
kutia jeli kwa sindano butu katika kila kitundu,
kusema "samahani, ni baridi,"
na jioni kuiosha kwa mswaki wa mtoto
nyuma ya maabara, hapa Lira,
penye bomba linalovuja.

Ijumaa kichwa ni cha Ebong Yafesi, fundi baiskeli,
siku ya ishirini na sita bila tone.
Amenyoa upara kwa heshima ya utafiti.
Anauliza kama mashine itasoma madeni yake.
Namwambia inasikia umeme tu,
kama mvua juu ya mabati:
huwezi kuhesabu matone,
lakini unajua imezidi.

Picha zinapita kwenye kioo.
Kiti. Ndoo. Mbuzi kafungwa.
Mstari umelala kama kinamasi.
Kisha kikombe cha plastiki, kijani,
kile kile cha kilabuni, mdomo umetafunwa,
na kabla Ebong hajapepesa,
kabla hajajiambia "sitaki"
(na anajiambia, namwamini),
theluthi ya sekunde,
mstari umesimama wima.

Dopamini, nilifundishwa, si utamu wenyewe.
Ni tarishi wake:
hupiga hodi mgeni akiwa bado njiani,
na akiizoea njia
hodi haikomi
hata mgeni akifa.

Kanisani walisema pepo.
Mkewe, kwa kuchoka, alisema "ni yeye tu."
Mimi nikamgusa pajini, nikamweleza:
hapa, mbele, ndipo penye breki,
na pombe huzila taratibu.
Akainama kufikiri, nyaya zikamfuata
kama mizizi ya muhogo uliong'olewa.
"Breki ninazo, binti. Nimezikaza mwenyewe.
Shida ni mteremko."
Nikatazama dirishani. Lira haina kilima.
"Ndiyo," akasema. "Ninyi hamuuoni."

Hilo sikuliandika. Fomu haina mstari wake.

Daktari Apenyo hutaka pia vichwa vya kulinganisha,
vya watu wasiokunywa.
Mimi sijawahi kuonja.
Jumamosi nikakikalia kiti cha Ebong,
jeli ikanishuka shingoni, baridi kweli,
na hakuna aliyeniambia samahani.
Kiti. Ndoo. Mbuzi.
Kikombe cha kijani: kimya. Nikajisifu.
Picha ya arobaini na moja:
pipa juu ya mafiga, bomba la shaba,
chupa inayopokea arege
tone
kwa tone.

Mstari wangu ukasimama.

Tone, karo ya muhula wa kwanza.
Tone, viatu vyeusi, namba moja zaidi ili nivikulie.
Tone, Mama, macho mekundu kwa moshi,
anaonja kwa ncha ya ulimi, anatema,
anasema "soma."
Nikasoma. Nikasoma mpaka nikafika
kwenye seli, kwenye neva, kwenye hodi,
na kila ukurasa ulilipiwa
na mtu aliyeshuka mteremko
akiwa na chupa yetu mkononi.

"Una historia na pombe?" daktari akauliza.
Nikasema hapana.
Kisha nikasema ndiyo.
Akaweka alama ya kuuliza kwenye namba yangu
na kuniondoa katika hesabu.
Sikumpigia Mama simu usiku ule.
Ningemwambia nini? Asante? Ulifanya nini?
Yote mawili ni kweli na hayakai kinywa kimoja.

Jumatatu Ebong karudi. Siku ya ishirini na tisa,
mikono inatetemeka, mfukoni ana
kipande cha mpira wa ndani wa tairi.
Hakuuliza mtu. Alizunguka nyuma ya maabara,
akalifunga bomba, akavuta kwa meno, akakaza.

Bado linavuja.
Ila jioni, nikiosha kofia yake,
kati ya tone na tone
niliweza kuhesabu hadi tisa.