Kumbukumbu za Mkutano wa Machi

Nimeziandika mimi, karani wa mji,
kwa kalamu iliyogoma kwa baridi.
Huku New Hampshire theluji imeanza kuoza,
magari yamezama tope hadi ekseli,
na watu mia na kumi na wawili
wamepanda kilima kwa miguu hadi ukumbi wa shule.

Hoja ya nne: kibanda cha Delphine Ouellette.
Pai za tufaha langoni, hakuna muuzaji,
kopo la kahawa la kutilia pesa,
na kikaratasi: *Chenji jichukulie.*
Afisa wa leseni alisafisha koo.
Sinki la matundu matatu, alisema. Ukaguzi. Ada.
Mtu wa nyuma akauliza: Nani ameugua?
Akapekua karatasi. Akapekua tena.
Hakuna. Bado.

Delphine hakuhutubia.
"Unga wangu, tanuri langu.
Anayenunua ana macho, ana pua.
Nikimlisha sumu nishitakini,
ila msinifunge kwa kosa nisilolitenda."
Mikono tisini ikapanda. Mtu akapiga meza kwa furaha.

Tungekwenda nyumbani hapo.

Hoja ya tano: ghala la Royce Tuttle.
Amelipaka zambarau,
zambarau ya jicho lililopigwa ngumi,
na ubavuni, kwa herufi za futi tatu,
maneno juu ya Mungu ambayo kumbukumbu hizi zinayaruka.
Ghala hilo linatazamana na jiko la Delphine.
Kila alfajiri anakanda unga analisoma.
Hoja: lipakwe nyeupe, kwa gharama yake, siku thelathini.

Mikono ile ile ikaanza kunyanyuka.
Wingi una joto lake, nililihisi hadi mezani pangu.
Mfalme ukimkataa, unajua anakokaa.
Hawa walikuwa jirani zangu, watu wema,
soksi zao zimelowa, wanataka kula.

Delphine aliinuka polepole, kama anayejichomoa mwiba.
"Ghala lile nalichukia," alisema,
"na mwenyewe namchukia zaidi.
Lakini kuna kitabu kwenye droo ya karani. Na kisomwe."

Nikafungua droo. Chini ya mihuri na kipande cha mshumaa,
katiba.
Nikasoma ibara moja, fupi,
ya watu waliokufa zamani, ambao hawakutuamini.
Hawakutuamini! Hiyo ndiyo hisani waliyotuachia.
Walijua ipo siku tutakuwa wengi,
na tutakuwa na sababu nzuri,
na siku hiyo ndiyo ya kushikwa mkono.
Wengi wape, husema watu.
Wape, kikajibu kitabu, ila si kila kitu.
Mbuzi hula urefu wa kamba yake,
na kamba ya serikali ni karatasi tu,
droo haina hata kufuli.

Mikono ikashuka, mmoja mmoja, mingine kwa kinyongo.
Hoja ya tano imeondolewa.
Royce Tuttle hakushukuru.
Delphine alimpita mlangoni bila salamu.

Jumamosi nilikwenda kununua pai.
Nikatia noti ya kumi, nikajichukulia chenji.
Ghala lilikuwa zambarau vilevile, jua limelipiga.
Dirishani mwa jiko, Delphine
alikuwa juu ya stuli, misumari mdomoni,
anatundika pazia.