Anwani za Wanao

Umechelewa, mama.
Wiki tisa, na siku mbili juu yake.
Usinitazame hivyo kutoka ukutani,
mkia umeuviringa miguuni kama mtu aliyekuja kudai.
Shuka. Maziwa hayo hapo.
Kaa tuhesabiane.

Niliwakuta ndani ya beseni la kuogea la marehemu Vazha,
lile lililopasuka, ninalooteshea giligilani,
nyuma ya mkomamanga.
Watano. Macho yamegandamana,
wananyonyana masikio kwa njaa.
Sikuwagusa. Niliwahi kusikia
kuwa harufu ya mtu humfukuza mzazi.
Nikakungojea nyuma ya pazia la jikoni,
siku nzima, na ya pili,
chai ikipoa, nikiwasha jiko, ikipoa.
Usiku ule baridi iliteremka milimani bila hodi.
Asubuhi walikuwa wanne.
Wa tano yuko chini ya mkomamanga, ndani ya soksi ya sufu.
Naanza na yeye
nisije nikajifanya nimesahau.

Wanne, basi. Niliwanywesha kwa bomba la sindano,
usiku na mchana, kila baada ya saa mbili,
mimi, mwalimu wa kemia,
niliyeapa nyumba hii haitanuka tena mkojo wa kiumbe
baada ya yule mbwa wa Vazha.
Walipoanza kupanda mapazia
nikaandika tangazo kwa mwandiko wa ubaoni,
nikalibandika mlangoni kwa mwoka mikate:
*Wanne. Safi. Hawana mama.*
Unisamehe kwa hayo maneno mawili ya mwisho.
Nilifuata ushahidi uliokuwepo.

Wa rangi ya chungwa hakuvuka hata barabara.
Lamara mwoka mikate alimtia kwenye aproni yake,
na sasa analala juu ya magunia ya unga, jirani na tanuri.
Wamemwita Puri, yaani Mkate.
Ananenepa bila aibu.

Mwenye miguu myeupe yuko kwa Nutsa, ghorofa ya tatu,
nyumba ya ngazi ya kijani.
Mara ya kwanza alikuja na baba yake; baba akakataa.
Mara ya pili akaja na bibi yake.
Baba hakuulizwa tena.

Wa madoadoa alichukuliwa na daktari wa meno,
akarudishwa baada ya siku mbili:
"Analia usiku."
Nikamuuliza, Daktari, na wanaokuja kwako mchana, wao huimba?
Huyo aliondoka na lori la makabichi hadi Zestaponi,
kwa mama mkwe wa dereva,
ambaye panya wamemlia gauni la harusi.
Sijapata habari. Kusikia kimya nakuhesabu kama salamu.

Mweusi.
Mweusi yuko pale, ng'ambo ya uzio.
Guram na mimi hatukusemeshana miaka kumi na mmoja
kwa ajili ya mpeasi mmoja na nusu mita ya udongo.
Alisimama langoni, kofia mkononi, bila kubisha,
mpaka nikaona haya kwa niaba yake.
"Nasikia unagawa," akasema.
Nikampa. Sikumkaribisha ndani.
Uzio haujatengenezwa, na peasi zile bado naziita zangu.

Sasa unazo zote.
Mbona hunywi?
Unachechemea, na shingoni una kipande cha kamba
kilichotafunwa.
Sikukiona ulipokuwa juu ukutani.
Hapa ndipo ningepaswa kuanza kuuliza maswali.

Unakwenda kwenye beseni.
Unazamisha pua katika giligilani, unaita,
mara tatu, kwa sauti ndogo kuliko mwili wako.
Ng'ambo, mweusi anainua kichwa,
anakutazama kama mgeni mwingine wa barabarani,
anarudi kulamba mguu wake.

Wangu wako Thesaloniki, na mdogo Bari.
Anwani zao ziko kwenye mlango wa friji,
nimeziandika vizuri, na namba za posta.
Kunywa, mama.
Yanaingia nzi.