Kamani Nyepesi

Mara ya tatu sasa Ardis Haugland anaisukuma juu ya kaunta yangu,
imeviringishwa taulo lile lile la jikoni, la mistari ya buluu.
"Inakwama, Lowell. Ya kwanza inatoka, ya pili inatoka,
ya tatu ganda linasimama wima mlangoni
kama dohani isiyo na nyumba."
Nje, theluji ya Montana inaparura vioo.
Hakuvua glavu.

Nikachomoa magazini, nikavuta kitelezi, nikachungulia chemba: tupu.
Nikachungulia tena. Ndivyo alivyonifunza yeye.
Kisha nikaanza na washukiwa wa siku zote.
Magazini, maana huyo ndiye mwongo wa kwanza:
nikaipima midomo, nikaiweka kando, nikatia mpya.
Risasi zake za bei ya chee nikazibadilisha.
Ndoano ya kutolea ganda nikaikagua kwa kioo cha kukuzia,
haijameguka hata ncha.
Mteremko wa chemba nikausugua mpaka ukanionyesha pua yangu.
Nikafuta mafuta (huyatia kama anayekaanga samaki),
nikadondosha tone, na tone, basi.

Nyuma ya karakana nina pipa la mchanga.
Nikapiga hamsini. Hakuna iliyokwama.
Nikahamishia mkono wa kushoto, hamsini nyingine,
maganda yakikimbilia mahali pamoja
kama kuku waliomwagiwa mtama.

Hapo nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa.

Bastola ya namna hii hujilisha kwa teke lake yenyewe.
Ikilia, kitelezi hukimbia nyuma,
na lazima awepo wa kuizuia isikifuate:
kifundo, kiwiko, bega, mtu.
Kifundo kikilegea, vyote hurudi pamoja,
safari hukatikia njiani,
na ganda hubanwa mlango ukijifunga.
Chuma hakina kosa.
Kinaomba kushikwa, hilo tu.

Na kifundo hicho nakijua.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, ndani ya shimo la changarawe,
yeye na beji yake ya naibu sherifu, ameniinamia begani:
"Kaza. Si kwa hasira.
Kaza kama unavyompa mkono mtu unayemheshimu."

"Nionyeshe," nikamwambia.
Ndipo akavua glavu.
Pale nyama ya kidole gumba hukaa, pamebonyea,
kitanga kimekuwa kama sahani iliyokwisha kuliwa.
Akasimama vile vile, miguu ile ile, shingo ile ile.
Moja. Mbili.
Ya tatu, dohani.
Akaitazama bastola muda mrefu.
Mkono hakuutazama.

Mficha maradhi, wanasema, kifo humwumbua.
Mimi si kifo. Mimi ni fundi wa silaha
katika mji wenye taa moja ya barabarani.

"Kamani imechoka," nikasema.
Uongo. Kamani ilikuwa changa kuliko sote,
niliitia mwenyewe Oktoba.
Nikaitoa ile ya ratili kumi na sita,
nikatia ya kumi na mbili, inayokubali
kusukumwa hata na anayeombea.
Akapiga saba. Zikapita saba.
Hakucheka. Alishusha pumzi tu,
mvuke ukasimama kati yetu, ukaondoka.

"Shilingi ngapi?" angeuliza mtu wa kwingine.
Yeye aliweka dola ishirini, akasubiri chenji, akaihesabu.
Halafu akanyoosha kiganja:
"Nipe ile ya zamani."

Ningeweza kusema nimeitupa.
Nikampa.
Akaiweka kati ya gumba na shahada, akaiminya.
Haikusogea.
Akaiminya tena, kwa mikono miwili, taratibu,
kama anayejaribu embe sokoni na hataki muuzaji aone.

"Bado ngumu," akasema.

Akaitia mfukoni, akavaa glavu,
ya kulia kwa kuivuta na meno.
Tukazungumza juu ya theluji,
kwamba mwaka huu imewahi.