Utenzi wa Sikuombi

Nipeni kalamu yangu,
niandike shida zangu,
kabla huyu mwizi wangu
hajaja kuichukua.

Mwizi wangu ni mtoto
wa mbwa, macho ya moto,
akilala hana ndoto
ila za kunyemelea.

Kahindi alimwokota
mtaroni akitota,
akaniambia, "Nyota
yangu leo imeng'aa."

Jina nikampa mimi,
kulenga wenye ulimi,
wasemao sijitumi,
chumvi kwao huchukua.

Nikamwita Sikuombi,
jina likazua vumbi.
Kumbe mwenyewe haombi,
yeye ni kujitwalia!

Alianza kwa kijiko,
kesho yake, mfuniko,
mtondo ikawa mwiko
niliorithi, nalia.

Ndara hachukui zote,
ni moja tu, siku zote;
hata leo sisi sote
tunachechemea njia.

Meno ya babu Karisa,
aliyolipia pesa,
siku ya kwenda kuposa
yakawa yamepotea.

Akaenda na ufizi;
akitaja neno "mbuzi"
wakasikia "mizizi",
mahari ikapungua.

Leso ya Bi Mwanahawa
kambani ilipotiwa,
ikavutwa, ikaliwa,
maneno yakabakia.

Yaliandikwa, "Jirani
hachaguliwi sokoni."
Akanijia nyumbani,
kipande ameshikia:

"Mate ya mbwa ni tabu,
mara saba kwa hesabu:
ya kwanza ni kwa turabu,
sita maji kumwagia."

Nikaosha, naye yuko
nyuma yangu kwa vituko,
akavuta na mfuko
wa sabuni, akapaa.

Nikishika ufagio,
hulaza lake sikio
kama mtu wa kilio;
nikacheka, nikatua.

Nikapaka pilipili
kwenye viatu viwili;
akalamba, hakujali,
akataka na bamia.

Nikamfunga kwa kamba
kwenye mlango wa nyumba;
asubuhi yuatamba,
kamba ameifukia.

Muyeye kila mmoja
ana dawa, ana hoja:
"Kampeni yule soja
wa nyumba ya Mwitalia."

Akamrudisha soja
kabla hata siku moja;
kirungu chake, kioja,
nacho kilishapotea.

Sasa nije kwenye kovu
nililoficha kwa nguvu,
lililo chini ya jivu,
bado linanisumbua.

Ilipotea bangili,
fedha tupu, tena ghali;
sikuuliza maswali,
Nyevu nikamrukia.

Alifua, akapika,
mwaka wa pili kufika,
sindano hajaishika
isiyo yake, najua.

"Funga virago, kijana,
hapa usikae tena!"
Hakukana, hakuguna,
Ganze akajirudia.

Juzi tangi likavuja,
naye fundi Tsuma kaja,
jembe akapiga moja,
ghala likajifunua.

Mna vijiko na ndara,
kitasa, soksi, mpira,
na meno yenye hasira,
vimepangwa, nakwambia!

Katikati, ndani mwake,
ikang'aa peke yake
bangili ya mwanamke
mwepesi wa kurukia.

Mwizi akanitazama
kwa mkia wa heshima;
mimi ndimi nikahema,
haya ikaniingia.

Huyu hajui uongo,
huiba bila mpango;
mimi, nyuma ya mlango,
jina la mtu natwaa.

Leo asubuhi, Ganze
naenda, wacha nianze,
kwa Nyevu nikajifunze
kuomba, nilokataa.

Bangili ni yake sasa,
na ujira, zile pesa;
akifunga kwa kitasa,
mlangoni nitakaa.

Nimeshavaa kiatu,
kingine hakuna katu,
uvungu hauna kitu,
uani vumbi lapaa...

Sikuombi, nakuomba,
wacha shimo kulichimba!
Hutaki? Sina kugomba,
peku nitaelekea.